Ile Asubuhi Motokari Ilizunguka Bila Kuwaka

Mauwa, mutoto wangu,

Mambo ya sabuni sitaandika hapa. Ya kufunga mulango na ufunguo, ya kula kidogo mbele ya kwenda ku kazi, ya kutojibu bashofere benye banaita kila musichana "bebe" kule ku mulongo ya makamio ya mizigo, bile byote nilishakuambia kwa kinywa mupaka ukanijibu: "Mama, shi nilisikia." Ulisikia, najua. Mu hii nyumba wewe njo muntu ya kusikia, na juu ya ile njo nakuandikia.

Niko inje, mu lupango ya nyumba, karatasi nimeiweka juu ya kapo, kile kifuniko ya moteri ya motokari. Chuma iko bado na moto kidogo, juu natoka kupeleka samaki ku soko. Wewe ulienda kuaga benzako. Jua haijashuka. Batoto ya Mama Rejina bako banapiga mupira ku ukuta yetu sawa kila siku, na leo sina nguvu ya kubafukuza. Kesho asubuhi tunakupeleka Kasumbalesa, kule ku mupaka ya inchi, kwa mama mukubwa Odeta na bwana yake papa Felisi, ukajifunze kazi mu garaje yake. Si mbali. Muntu anaenda na kurudi siku moja. Lakini kesho nitarudi bila wewe, na njia yenye naijua vizuri itakuwa njia ingine.

Utanisamehe kama maneno yangu inapanda na kushuka. Masomo yangu unaijua. Nilifika pale nilifika, nyuma ya ile wewe ukakuja, nikaacha kiti ya darasa nikakamata mutoto. Niko bado kijana, bantu banasema, bananiita yaya yako, dada yako mukubwa. Basi yaya yako amechoka.

Nataka nikuambie ile asubuhi vile mimi niliiona. Wewe uliiona na macho ya mutoto. Bantu ya aveni, bajirani yetu, baliihadisia mara mingi, na kila mara banakuweka wewe juu sawa mutoto ya maajabu, na mimi bananiweka pembeni, niko nalia. Haikuwa vile. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa na kazi, na ile kazi nilikuwa naifanya kwa mapendo yote, na ilikuwa karibu kuua papa yako.

Unakumbuka alikuwa anafanya taksi na hii motokari. Mu ile miaka bezi balikuwa banapita sana mu kartie yetu. Basi kila muntu mwenye motokari alificha buto moja kidogo mahali fulani ndani, buto ya kufinya na kidole, yenye inakata kuran, umeme ya motokari. Mwizi anaingia, anazungusha, moteri inazunguka, inazunguka, haiwake, mwizi anachoka anakimbia. Kila bwana alificha pake, na sheria ilikuwa moja: haumwambie muntu. Jioni banaume bakikaa pamoja, balikuwa banashindana.

"Yangu," Papa Kisimba alisema, "hata mimi nikikunywa siione. Njo maana siendeshe nikilewa."

Papa Kisimba, yule jirani yetu mwenye kamio, unamujua kwa kusema. Papa yako yeye alikuwa ananyamaza tu na kucheka. Siku moja nilimuuliza: "Yetu iko wapi?" Akanitazama na ile macho yake ya kuchokoza. "Mama Mauwa, nikikuambia leo, kesho bamama bote ya likelemba yenu ya kuchanga feza batajua." Nikamupiga na kitambaa, tukacheka, ikaisha pale. Haikupaswa kuisha pale. Nilipaswa kukaza, kusema: nionyeshe, hii motokari njo chakula ya mutoto wangu. Lakini sikujua kuendesha, na nilijiambia motokari ni mambo ya bwana. Haikuonekana sawa kosa. Ilionekana sawa heshima ya nyumba.

Ilikuwa siku ya salongo. Bantu bote balikuwa inje na mafagio na majembe, banasafisha mifereji, na siku sawa ile taksi hazipite mupaka kazi inaisha. Papa yako alikaa ku mulango, anafunga kamba ya viatu. Nikaona kiatu imeanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"We papa," nikamwambia, "kiatu imekushinda?"

Akageuka kunijibu, na kinywa yake ikaenda upande. Maneno ikatoka imevunjika, sawa ya muntu mwenye tonge ya bukari ya moto mu kinywa. Unajua vile papa yako alikuwa, kila siku muchezo. Nikacheka, Mauwa. Nikasema: "Acha muchezo, benzako banakungojea na jembe." Nilicheka mupaka alipolala upande ya kuume, polepole, sawa gunia yenye imefunguliwa.

Nyuma ya ile nilipiga kelele. Papa Kisimba njo aliingia wa kwanza, fagio iko bado mu mukono. Alitazama uso ya papa yako, akatupa fagio. Kamio yake ile siku ilikuwa imefunguliwa matairi.

"Ufunguo. Mama Mauwa, ufunguo ya motokari, mbio!"

Balimubeba, bakamulalisha ku kiti ya nyuma. Nikaingia, nikaweka kichwa yake juu ya mapaja yangu. Hakuna mwenye aliona saa gani wewe uliingia. Ulijibana chini, katikati ya kiti ya nyuma na ya mbele, magoti ku kinywa. Ulikuwa bado unapoteza meno ya mbele.

Papa Kisimba akazungusha ufunguo. Moteri ikazunguka. Ilizunguka muzuri, na nguvu, sawa motokari yenye iko karibu kuwaka. Haikuwaka. Akaacha kidogo, akazungusha tena. Ikazunguka. Haikuwaka.

Kama unataka kujua bantu ya aveni yetu, bape motokari yenye imekatala. Bote balikuwa bamekanisie, bafundi ya motokari.

"Ni batri! Hii motokari naijua mimi, ni batri!"

"Batri gani? Buji njo hazitoe moto! Toa buji, pangusa, rudisha!"

"Tusukume! Tusukume mupaka kule ku mutelemuko!"

Mama Rejina alikuwa amenyoosha mikono yote mbili juu ya kapo. "Mu jina ya Yesu, waka! Nakuamuru, waka!"

"Mama Rejina," Papa Kisimba alimwambia ku dirisha, "lomba, lakini toka mbele. Bwana akikusikia, tutakugonga."

Balisukuma. Banaume na banawake, na majembe bameyaacha mu mufereji. Motokari ikashuka, Papa Kisimba akaachilia pedali ya ambreyaje, ikaruka sawa mbuzi, ikasimama. Bakasukuma tena. Ikaruka, ikasimama. Kila mara ikiruka, kichwa ya papa yako ilikuwa inagonga tumbo yangu.

"Batri iko muzima!" Papa Kisimba akapiga kelele. "Musikie vile inazunguka! Muntu asiniuzie batri leo!" Lakini yeye pia alikuwa anarudilia kintu moja tu, kuzungusha na kuzungusha, na jasho ilikuwa inamushuka ku shingo.

Na mimi? Mimi nilikuwa na mukono ya papa yako.

Upande ya kuume ilikuwa imekufa, lakini mukono ya kushoto ilikuwa inatembea. Iliinuka, ikapita mbele ya uso yangu, ikataka kwenda kule chini, upande ya kiti ya shofere. Nikaikamata. Nikaiweka ku kifua yake, nikaifunika na mikono yangu. "Niko hapa," nilimwambia. "Niko hapa, papa, sikuache." Ikatoka tena, na nguvu. Nikaikamata tena. Alikuwa ananitazama, na macho yake ilijaa hasira yenye sikuwahi kuona kwake tangu tulioana, na mimi nikaisoma ile hasira sawa woga. Nikambusu bidole. Muntu alikuwa anatuonyesha njia, Mauwa, na mimi nilikuwa nabusu mukono yenye ilikuwa inaonyesha.

Pale njo ulisema. Haukupiga kelele. Ulisema sawa mutoto mwenye anasema chumvi imeisha.

"Mama, haijalia."

"Nini haijalia? Nyamaza, mutoto."

"Hapa chini ya kiti. Kila siku mbele ya papa kuzungusha inalia nziii, kidogo tu, nyuma inanyamaza. Leo haijalia."

Mimi nilikuwa nimekuambia unyamaze. Papa Kisimba yeye alisimamisha mukono ku ufunguo.

"Rudilia."

Ukarudilia.

"Bantu, munyamaze! Mama Rejina, hata wewe!"

Bakanyamaza bote. Akageuza ufunguo nusu, bila kuzungusha moteri. Tukasikiliza. Chini yetu hapakuwa kintu. Mupaka ile siku sikujua kama kimya iko na mahali yake. Ile ilikuwa na mahali: ilikuwa chini ya kiti, chini ya mapaja yangu, na wewe ulikuwa unaisikia tangu mwanzo, wakati sisi bote tulikuwa tunasikiliza kelele.

"Pompi," Papa Kisimba akasema. "Pompi yenye inaleta esansi haipate kuran. Moteri haina mafuta, haina kintu ya kuwasha." Akajipiga ku paji. "Buto! Tumekuwa bajinga. Alificha buto wapi? Mama Mauwa, buto iko wapi?"

"Sijue."

"Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

Akaanza kuingiza mikono kila mahali, chini ya volani, nyuma ya radio, anavuta kamba za kuran sawa muntu mwenye anang'oa majani. Bajirani banatazama mu madirisha. Na mimi, fikiri, mimi nilikuwa bado nimeshika.

"Mama," ukasema, "mwachie mukono. Iko inaonyesha."

Nikaachia.

Ikaenda pale pale ilitaka kwenda: chini ya kiti ya shofere, upande ya mulango, ku kona ya kapeti. Haikufika. Ilibaki mu hewa, na kidole moja imenyooka. Wewe njo uliingiza mukono yako mahali mukono ya mukubwa haipite, ukainua kapeti, ukatafuta na ulimi umetoka inje sawa unaandika dikte ku masomo. Buto sikuisikia. Nilisikia nziii.

Papa Kisimba hakungojea hata muntu aseme amina. Akazungusha, na moteri ikawaka kwa mara ya kwanza, tamu, polepole, sawa haikuwahi kuwa na shida na muntu. Mama Rejina akaanguka magoti mu vumbi. Majembe tuliyapita, mifereji tukaipita, na papa yako akafunga macho, na mukono yake ikakuja yenyewe ku mukono yangu. Ile mara ilikuwa inanitafuta mimi.

Ku hopitali muganga alisema mengi kwa kifaransa. Nilikamata moja tu, kama kungekuwa kukawia zaidi hangekuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa na kazi ya kufanya. Aliifanya. Sina neno zaidi ya pale, mupaka leo nikipita mbele ya ile mulango ya hopitali napunguza mwendo, hata kama nyuma banapiga honi.

Tulipokuwa tunangojea, Papa Kisimba alikaa na mimi inje ku ukuta. Nilimuuliza kwa nini, kama moteri ilikuwa na nguvu ya kuzunguka vile, haikuwaka. Sijui kwa nini niliuliza ile. Labda nilitaka kuongea juu ya kintu yenye inaweza kutengenezwa. Alichora mu vumbi na kijiti.

"Mama Mauwa, ikizunguka, ujue batri na demareri yenye inazungusha moteri bamekuja ku kazi. Usibaseme tena. Tafuta mwenye hakuja. Moteri inaomba esansi, hewa, na moto ya buji, na bote bafike kwa saa moja. Mumoja akikosekana, ao akichelewa kidogo, inazunguka bure mupaka inachoka."

Nilitazama ile michoro yake. Nilikuwa nimepanda mu motokari tangu nilipokuwa musichana, na sikuwahi kufikiri kintu. Nilifikiri ufunguo njo unawasha. Kumbe ufunguo unaomba tu. Kule ndani, mu giza, mvuke kidogo ya esansi inakutana na hewa, na chembe ya moto inaingia katikati kwa dakika yake kamili, si mbele, si nyuma, na ile yote inarudiliwa haraka kupita vile moyo inapiga, na sisi juu tunagombana juu ya bei ya tomati. Na chini ya mapaja yetu bote, kila siku, kilikuwa kintu kidogo kinalia nziii mbele ya byote, na muntu mumoja tu mu nyumba alikuwa anakisikia. Nilikutazama. Ulikuwa umelala juu ya benchi ya hopitali, mafuta meusi ku bidole. Nilikuzaa mimi, nilikuosha, nilikujua kila kovu. Pale nilikuogopa kidogo, Mauwa. Nilikuogopa vile muntu anaogopa kintu kikubwa chenye kimekuja kukaa kwake bila kupiga hodi.

Kutembea, papa yako alirudilia kujifunza. Kusema, polepole zaidi. Neno moja, siku mingi, neno ingine. Nilikuwa na hasira naye, ile sikuwahi kukuambia. Nilikuwa namulisha na kijiko na niko na hasira. Siku moja nikamuuliza: "Juu ya nini haukunionyesha ile buto?" Akafikiri sana. Kinywa yake ikatafuta. Akasema: "Mu-che-zo." Halafu akaanza kulia, na mimi nikaanza kucheka, na sijui nani alianza kufanya ya mwenzake, lakini tulimaliza tumebadilishana.

Basi nikajifunza kuendesha. Papa Kisimba njo alinifunza, na mu wiki ya kwanza nilimubomolea ukuta. Taksi sikuweza, sikupenda kuacha papa yako siku nzima kila siku. Nikaanza biashara ya samaki ya kukausha ya kutoka Pweto. Na kule njo nilikutana na kosa yangu ingine, yenye ni dada ya ile ya kwanza.

Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, na mu njia nilipita mu maji mingi. Nikasimama kununua mihogo. Kurudi mu motokari, nazungusha, inazunguka, haiwake. Nikasikiliza: nziii ilikuwa pale. Nikafurahi, nikasema pompi iko muzuri, basi itawaka tu. Nikazungusha. Nikazungusha. Samaki iko nyuma, mvua inatisha kurudi, na mimi niko na ufunguo sawa muntu mwenye anapiga mulango ya jirani na anajua jirani iko ndani. Nilikaza mupaka batri ikaanza kulala.

Kamio ya Papa Muhindo ikasimama. Yule mufanya biashara wa kutoka Kivu, anapelekaka maharagwe mpaka huku. Alishuka na kofia yake ya sufu mu ile joto.

"Mama, unamufanya nini huyu mutoto wa watu?"

"Imekatala kuwaka."

"Nyoosha pua yako." Nikanyoosha. "Unasikia nini?"

"Esansi."

"Basi esansi alikuja. Alikuja mupaka amezamisha benzake. Wewe unamwita tena wa nini?"

Alifungua kapo. Kamba za buji zilikuwa zimelowa maji yote. Moto haikuwa inapita, na mimi kila mara nilikuwa naongeza esansi juu ya buji zenye hazina moto. Tulizitoa, tukazipangusa na kitenge yangu, tukazianika juu ya jiwe sawa mboga. Papa Muhindo akanikataza kugusa ufunguo. Tulikula mihogo yangu yote. Nyuma ya ile akaniambia: "Sasa finya pedali ya akseleratere mupaka chini, uiache pale, umupe hewa tu. Usimupe kingine." Nikafinya. Ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi nyeusi, ikakohoa tena, ikawaka. Nikapiga makofi sawa mutoto. Papa Muhindo akacheka mupaka kofia ikaanguka: "Mama ya Lubumbashi! Kuwaka tu, na unashangaa!"

Nashangaa, ndiyo. Niko nashangaa kila asubuhi. Sijui bantu benye hawashangae banafanya namna gani.

Sasa sikia kintu yenye nilitaka kufikia na nazunguka nayo tangu juu ya karatasi. Papa Felisi alikuomba mara ya kwanza mwaka jana. Nilikatala. Nilimwambia uko mudogo, nilimwambia Kasumbalesa ni mahali ya bashofere na babadilisha feza na basichana benye bamepotea, nilimwambia garaje si kazi ya mutoto mwanamuke. Ulirudi ku motokari ya Papa Kisimba, ukaendelea kushika taa, kupita na mikono meusi, na jioni ulikuwa unanitazama na macho ya papa yako, zile za siku ya salongo. Na mimi nikasoma hasira sawa woga, tena. Nikakukamata zaidi. Nikakupikia. Nikakununulia kitenge. Nikakuambia niko hapa.

Ulikuwa unaonyesha, na nilikuwa nimeshika mukono.

Papa yako njo aliona. Mwezi uliopita, tuko tunakula, akaweka kijiko chini, akasema jina yangu, si Mama Mauwa, jina yangu ya usichana. Halafu: "A-chi-a." Basi. Akakamata kijiko yake, akaendelea kula. Kesho yake nikamupigia papa Felisi simu.

Kwa hiyo nenda. Na woga yangu ya Kasumbalesa haijaisha, sitakudanganya; nimeiweka tu mahali pake. Batakucheka kule. Shofere atashuka mu kamio, ataona musichana chini ya moteri yake, atasema: "Niitie mukubwa." Usimutukane. Muambie azungushe, na wewe usikilize. Ukijua, sema. Ukikosa kujua, sema pia, na sauti ile ile. Muntu mwenye anangojea kuvuka mupaka na mizigo yake anapenda "sijajua bado" kupita batri mupya yenye hakuihitaji. Bantu batasema bote pamoja, kila mumoja na jibu yake. Baache. Uliza nani hakuja.

Na kama siku moja ni nyumba ya mama mukubwa yenye inakushinda, ao muntu anakugusa mahali haupende, ao kazi yenyewe inakuchosha moyo, hauhitaji kunieleza kwa simu. Panda mu motokari ya kwanza, kuja. Mulango utafunguliwa mbele ya maswali. Hii si ombi, ni amri ya mama yako. Lakini kama ni kuchoka tu, ao batoto ya papa Felisi banakuchokoza, ao umekumbuka mboga yangu ya sombe, baki pale, lia kidogo, lala, asubuhi uende ku kazi. Utajua tofauti. Ukikosa kuijua, mimi nitaisikia mu sauti yako. Si wewe peke yako uko na masikio, hata kama yangu ilichelewa.

Buto nilishakuonyesha, na nilishaonyesha mama mukubwa, na Papa Kisimba, na Mama Rejina. Bezi bakitaka, bakuje. Mu hii nyumba hatufiche tena kintu ya kuwasha.

Ninamaliza, juu kuko kintu mu nyumba. Papa yako amejua kama ni kesho. Tangu mchana ameingia mu chumba, amefungua sanduku, ametoa shati nyeupe yenye alivaa ku ubatizo yako, anajivalisha peke yake na mukono moja. Nilimwambia: "Papa Mauwa, ni kesho. Utailalia." Akanijibu: "Na-jua." Nikamwambia: "Nikusaidie?" Akanitazama vile, nikatoka inje kuandika.

Amefunga butoni zote sasa, nimemuona ku dirisha, amekaa ku kitanda, mgongo umenyooka sawa muntu mwenye motokari imeshafika. Imebaki moja tu ya shingo. Ile mukono moja haiiweze. Ameita jina yangu. Naenda.

Mama yako